Salamu Nne kwa Namba Moja

Simu iliita wakati mkono wa kulia wa Nyamizi uko ndani ya ng'ombe hadi kwapani. Ndama alikuwa amekaa vibaya, kichwa kimegeukia nyuma, na mama yake alishachoka kusukuma. Huo si wakati wa kuongea na mtu.

"Daktari, simu," alisema mwenye ng'ombe.

"Nasikia. Iache."

Simu ikaita tena. Mwenye ng'ombe, mtu mwenye huruma, akaona amsaidie. Akaichomoa kwenye mfuko wa ovaroli, akaiweka sikioni na kusema kwa sauti kubwa: "Hawezi kuongea. Yuko ndani ya ng'ombe." Akakata.

Aliyepiga alikuwa Mzee Mahona wa Kasoli.

Nyamizi alijua jioni, na alijua kwa sababu Kasoli nzima ilikuwa inacheka. Angecheka naye kama Mzee Mahona angekuwa mtu wa kawaida, lakini alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji: kaya kumi na nane, ng'ombe zaidi ya elfu mbili, na Jumapili ile walikuwa wanakaa kuchagua nani atawachanjia mwaka huu. Waliogombea kazi hiyo walikuwa wawili tu, Nyamizi na Marcelo. Wote walikuwa na stashahada ya afya ya mifugo kutoka chuo kimoja, wote na maduka ya dawa Bariadi mjini. Mwenyekiti alishawaambia kipimo chake ni kipi: mtu asiyepatikana kwenye simu leo hatapatikana siku ng'ombe akivimba tumbo.

Marcelo alikuwa anapatikana. Watu walisema hata chooni anapokea.

"Unahitaji namba ya mtandaoni," alisema Salvatory, mumewe, wakati wa chakula. Salvatory alifundisha jiografia sekondari na alikuwa na ugonjwa wa kupenda vitu vipya. "Wateja wanapiga namba moja. Inaita kwako kwanza. Usipopokea, inahamia kwangu. Nisipopokea, au nikibonyeza kuihamisha, inahamia kwa mtu wa tatu. Wote tukishindwa, mashine inapokea na kurekodi ujumbe."

"Hiyo namba iko kwenye laini ya nani?"

"Haina laini. Inakaa kwenye mtandao."

"Ikinisumbua naenda ofisi gani?"

"Unawaandikia kwenye tovuti yao."

"Yaani nigombane kwa barua." Nyamizi alivunja ugali. "Bei?"

"Siku saba ni bure. Baada ya hapo unaamua, unalipia mwezi au unaacha."

Nyamizi alihesabu. Ilikuwa Jumatatu. Siku saba zilifika Jumapili yenyewe. "Weka," alisema. "Lakini wewe usimtibu ng'ombe wa mtu. Andika jina, kijiji, mnyama, ugonjwa. Basi."

Wakaziunganisha simu usiku huohuo. Mtu wa tatu alikuwa Bimdogo, jirani wa duka, mwuza kanga mwenye asili ya Ujiji aliyekaa Bariadi miaka ishirini. Alikubali kabla hajaelezwa.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za kujifunza. Salvatory alimweleza mfugaji mmoja namna kupe wanavyosambaa kufuatana na mwinuko wa ardhi, mbele ya Kidato cha Pili, na mfugaji akauliza kama bado anaongea na duka la dawa. Bimdogo yeye aliandika vizuri, kwa mwandiko wa duara, nyuma ya boksi la kanga: *Salu. Mwamanyili. Mbuzi jike. Hali tangu jana. Nadhani amekasirika.*

"Nani kakwambia amekasirika?" Nyamizi aliuliza.

"Si amenunuliwa mwingine wa pili zizini? Mwenyewe ungekula?"

"Bimdogo, nilisema ugonjwa."

"Huo si ugonjwa, mwenzangu? Mimi niliumwa nao miaka minne."

Nyamizi alimpigia Salu, akagundua mbuzi amekula mfuko wa nailoni, akamwelekeza. Hata hivyo alikiri moyoni kwamba bila Bimdogo asingemjua Salu kabisa. Kwenye daftari lake akaandika upande wa faida: *Salu.* Upande wa hasara akaandika: *Salvatory.*

Ijumaa asubuhi alikuwa barabarani na pikipiki, kofia ngumu kichwani, hasikii kitu. Aliposimama kunywa maji akakuta ujumbe wa sauti kwenye ile namba. Akabonyeza kusikiliza.

"Mwangaluka, mayu!" Sauti ya Mzee Mahona. Alikuwa anaiamkia mashine kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi, akiiita mama.

Kisha kimya. Mzee alikuwa anasubiri kuitikiwa.

"Nasema mwangaluka."

Kimya.

"Binti, nimekuamkia mara mbili. Wewe umeniambia tu asante kwa kupiga, acha ujumbe baada ya mlio. Hayo ndiyo maamkizi ya kwenu? Baba yako nani? Anajua unavyoongea na wazee? Mimi nimeanza na mwalimu, tumesalimiana vizuri. Kengele ikalia, akanipeleka kwa mama wa kanga, tumesalimiana vizuri, kaja mteja akanileta kwako. Wewe wa tatu ndiyo umekaa kimya kama umelishwa udongo..."

Aliendelea hivyo dakika mbili kamili. Mwishoni, nyuma ya sauti yake, ng'ombe alilia kwa uchungu, na mtu akapiga kelele, "Mzee, miguu imetoka!" Hapo mashine ikakata. Muda wa ujumbe ulikuwa umekwisha.

Nyamizi hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Aliwasha pikipiki na kugeuza kuelekea Kasoli, na njia nzima aliitukana ile mashine, na Salvatory, na siku saba za bure.

Alipoingia kwenye mji wa Mzee Mahona, mtamba alikuwa amelala ubavu, ana uchungu wa uzazi wa kwanza, miguu miwili ya ndama nje. Nyamizi akaanza kuvaa glovu huku anatembea.

"Mwangaluka," alisema Mzee Mahona, amesimama katikati ya njia.

Nyamizi alimtazama mtamba. Alimtazama mzee. Akapiga goti haraka. "Mwangaluka, bhabha."

"Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu, salama tu.

"Watoto?"

"Mhola." Aliitikia huku anapaka mafuta kwenye glovu.

"Mwalimu?"

"Mhola, bhabha, naomba nipite."

"Pita," alisema mzee, kwa upole kabisa, kama mtu aliyekuwa na siku nzima.

Ndama alitoka kwa mivuto mitatu. Jike, madoa meupe. Nyamizi alimfuta pua, akamweka mbele ya mama yake, kisha akakaa chini na kusubiri kuhukumiwa.

"Nilimpigia na Marcelo," alisema Mzee Mahona. "Kapokea hata haijaita vizuri."

"Najua. Yeye ni mwepesi."

"Mwepesi sana. Hajaniamkia. Kasema, sema shida, mzee. Kama mimi ndiye niliyemkosea. Nikakata."

Nyamizi alijizuia asitabasamu.

"Kwako wewe," mzee aliendelea, "mwalimu kaniuliza mpaka mbuzi. Kanishikisha simu muda mrefu, lakini ni mtu. Mama wa kanga kaniombea dua kwa Kiarabu, mtamba akatulia kidogo. Nikajua wewe huna simu tu, una watu. Lakini yule wa tatu."

"Yule si mtu, bhabha. Ni mashine."

"Nani kaifundisha kuongea?"

"Watu wa kampuni."

"Na duka ni la kampuni, au lako?"

Nyamizi alivua glovu. "Langu," alisema.

"Basi akiongea dukani kwako ni wako. Mfukuze, au mfundishe. Jumapili tunakaa."

Jumamosi jioni Salvatory alifungua tovuti. "Kesho siku zinaisha. Tunalipia au tunaacha?"

Nyamizi alitazama daftari. Upande wa faida kulikuwa na majina saba sasa. Upande wa hasara kulikuwa na Salvatory, aliyekwisha kufutwa baada ya kuulizia mbuzi wa mzee, na neno moja: *adabu.*

"Hii mashine inakubali nirekodi sauti yangu?"

"Inakubali."

"Dakika mbili za ujumbe zinaweza kuwa tano?"

"Zinaweza. Na inaweza kuanza kumrekodi mtu tangu salamu yako inapoanza."

Aliingia stoo, kati ya magunia ya chumvi ya mifugo, akafunga mlango. Bimdogo na Salvatory wakasikiliza nje.

"Mwangaluka!" Nyamizi alisema ndani. Kisha kimya, anahesabu hadi tano kwa vidole. "Mhola?" Kimya tena. "Watoto? Ng'ombe?" Kimya kirefu zaidi, kwa sababu wa ng'ombe hujibiwa kwa kirefu. "Mhola duhu. Mimi Nyamizi, niko kazini, mikono haifai kushika simu. Sema jina, kijiji, mnyama na ugonjwa. Nitakuja."

"Mbona hukuwauliza wake zao?" Bimdogo alisema nje ya mlango.

"Bimdogo! Imeingia sauti yako!"

Alirekodi mara sita. Akalipia mwezi mmoja, si zaidi.

Jumapili mchana simu iliita akiwa tena ndani ya ng'ombe, na safari hii alimwonya mwenye ng'ombe kabla: asiguse. Salvatory alikuwa kanisani, Bimdogo alikuwa amelala. Nyamizi alinawa, akaketi juu ya ndoo, akasikiliza.

"Mwangaluka, mayu," ilisema sauti ya Mzee Mahona, taratibu. Kisha, pale pale Nyamizi alipoacha nafasi kwenye salamu yake: "Mhola." Kisha: "Watoto mhola. Ng'ombe mhola, yule ndama ananyonya vizuri, mama yake alitaka kumkataa lakini tulimfunga miguu." Alikuwa amejibu kila kitu kwa mpangilio, kama watu wawili waliokutana njiani.

"Kikao kimekwisha," aliendelea. "Njoo Jumatano na chanjo, kaya zote kumi na nane. Wengine waliuliza kama utapatikana. Nikawaambia mama huyu hata asipokuwepo anakuamkia." Akakohoa. "Ila sasa ni saa tisa alasiri, jua limepinduka. Yule binti anasema mwangaluka mchana wote huu. Mwambie mchana ni mwadila. Usimgombeze, naona anajifunza."