Fimbo ya Nne Iliyogoma Kuzama

Naomba ifahamike tangu mwanzo kwamba safari hii sikuhusika.

Shangazi Sumaia, mhandisi wa tuta la barabara linalokatiza bonde la udongo wa mfinyanzi kati ya Quionga na Namoto, Msumbiji, hakuamini. Likizo iliyopita nilimvisha beberu wa jirani sare ya internato, bweni letu la shule, na tangu siku hiyo kila ajabu ilianzia kwangu.

Ajabu ya sasa ilikuwa kwenye mchoro wake. Chini ya tuta kumelazwa mabamba ya chuma, na kila bamba lina fimbo iliyochomoza juu. Udongo ukizama kwa uzito, fimbo nazo hushuka, naye huzipima. Zote zilikuwa zinashuka. Ya nne tu, upande wa vibanda vya waliokimbia vita Mocímboa, ilikuwa imetulia kama mgeni wa heshima. Kesho malori yangemwaga udongo zaidi, yakisubiri saini yake tu. Kama fimbo ile inadanganya, tuta lingeporomokea vibanda.

“Rizuane, umeigusa?”

“Ingekuwa mimi, shangazi, ingeota majani.”

Hakucheka. Aliketi, akainuka, akarudi kwenye mchoro, akaketi tena, mpaka akaniambukiza wasiwasi. Hata chai hatukunywa, tukaenda tutani.

Tulimkuta Bibi Mwanvua, mkazi wa vibanda vile, amepiga magoti, anazungusha kipande cha juu cha fimbo ya nne. Alitusalimu vizuri bila kuacha kazi, akaeleza kwamba hicho ni kiwanja chake. Si kimeandikwa? Kweli, mafundi walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha fimbo: ASSENTAMENTO 4. Kwao, neno hilo la Kireno ni kuzama kwa udongo. Kwa Bibi, aliyeahidiwa reassentamento tangu alipokimbia vita, ni kupewa makazi mapya, na kibanda chake ni cha nne.

“Nikaona kibao kinazama,” alisema. “Wakija wasikione, si watampa mwingine kiwanja? Basi kikishuka, nakipandisha.”

Shangazi alimpigia simu Jacinto, msimamizi wa malori, akamwambia yasije. Jacinto alilalamika sana kwa Kireno. Shangazi akarudia vilevile.

“Sasa mimi mtanipa lini?” Bibi aliuliza.

Shangazi ana mchoro wa kila kitu, ila si wa hilo. Akaniagiza nifute neno lile, niandike la Kiswahili. Nikaandika kwa adabu zote: HAPA PANAZAMA.

Bibi alisoma taratibu, akakitazama kibanda chake chini ya tuta.

“Mjukuu wangu, hapa hata wakinipa, sipataki.”

Akaingia ndani, akaanza kufunga mizigo. Shangazi akamfuata, akimweleza kwamba malori hayaji tena. Masufuria yaliendelea kukusanywa.