Kisima Alimotolewa Naim

Siku Bwana Lorimer alipofika kuwa mkuu mwenza wa idara ya maji, Shemsi Krelani alimpa kiti kilicho mbali na mlango, karibu na jiko la kuni. Ndivyo mgeni anavyopokewa Kosovo. Hakalishwi mlangoni kama mwombaji. Mgeni akakaa. Miezi minane ikapita, angali amekaa, na Shemsi, ambaye kwa cheo walikuwa sawasawa, akabaki pale mlangoni akipigwa na baridi kila mtu alipoingia.

Vita vilipokwisha, wenyeji waliambiwa na wageni waliokuja kusimamia amani kwamba watatawala pamoja, kila idara mgeni mmoja na mwenyeji mmoja, mpaka nchi isimame. Pamoja gani? Lorimer akiamua, ilihesabiwa kwamba wameamua wote wawili. Shemsi akikataa, mwenzake humtazama kwa upole, humwambia, "Nimekusikia," kisha hufanya alilotaka. Upole ule ulimchoma kuliko tusi.

Habari ya kisima cha kijiji cha Gurbardh ilikwenda hivyo hivyo. Wakati wa vita askari walimtupa humo Naim, mwana wa Mama Hajrije, na mwili ulitolewa baada ya majuma. Tangu hapo kijiji kizima kikawa kinateka maji mtoni. Walitaka jambo moja tu: kile kizibwe, wachimbiwe kingine huko juu.

"Maji yamesafishwa na kupimwa," Lorimer alisema siku ya Jumatatu, mbele ya jiko. "Kuchimba kingine ni kupoteza muda. Jumamosi tunakifungua, na glasi ya kwanza utakunywa wewe. Watu wako wakikuona, watakunywa."

"Hawaogopi ugonjwa, bwana. Kile ni kaburi. Nani anakunywa kaburini?"

"Nimekusikia," akasema Lorimer. "Lakini kumbuka, wako wengi wanaokitamani kiti chako."

Jumamosi kisima kilifungwa utepe, na mpiga picha akaletwa kutoka mjini. Wanaume wa kijiji walisimama mikono nyuma, nyuso zimekunjamana. Shemsi aliwapita akiwa ameinamisha kichwa. Akinywa, angemtazamaje Hajrije? Akikataa, hicho kisima cha pili nani angekisemea?

"Ee mkuu nusu!" mmoja akamrushia. "Leo unatunywea nusu glasi?"

"Mwache," akadakia mwingine. "Atakunywa yote, mwenye kiti akimruhusu."

Lirije, binti wa mjini aliyekuwa mkalimani wa Lorimer, alijifanya hajasikia.

Glasi ikajazwa, Shemsi akatiwa mkononi. Badala ya kuiinua, akaishusha, maji yakamwagikia kiatuni. Lorimer akacheka kirafiki, akampokonya.

"Basi mgeni atangulie. Si ndiyo desturi yenu?"

Akainywa yote, mpaka tone la mwisho. Akajifuta masharubu. "Matamu!" akasema.

Watu wakapisha njia, Mama Hajrije akapita na kitambaa chake cheusi, akaitazama ile glasi tupu.

"Yakushuke salama, mwanangu," akasema, kama mwenye nyumba yeyote anavyomwambia mgeni wake. Kisha akageukia kisima. "Na Naim wangu aliyanywa hayo hayo. Walimtupa angali hai."

"Anasemaje?" Lorimer akauliza, bado anatabasamu. "Lirije? Anasemaje mama?"

Lirije alikuwa analia. Basi Shemsi akatafsiri mwenyewe, neno kwa neno, bila kulainisha hata moja.

Tabasamu likamtoka Lorimer. "Hakuna aliyeniambia!"

"Nilikwambia mimi!" Shemsi akafoka, na hasira ya miezi minane ikamtoka yote. "Nilikwambia ni kaburi, ukasema umenisikia! Masikio unayo, bwana, ila umeyafanya mapambo!"

Akaukata utepe kwa mikono, akang'oa jiwe ukingoni mwa kisima, akalitupa ndani. Walilisikia likipiga maji.

"Shemsi, tafadhali. Kukiziba kunahitaji saini zetu wote wawili."

"Na kukifungua je? Yangu uliiona wapi?"

Wanaume hawakungoja zaidi. Mmoja akaleta toroli la mawe, wengine wakaanza kukusanya udongo. Lirije aliweka mkoba wake chini, akainama, akaokota jiwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lorimer alikwisha kula miezi minane hajaambiwa hata asogeze kuni. Shemsi akachukua koleo, akamtia mkononi.

"Shika. Ugeni umekwisha."

Lorimer alilishika koleo lile kama hajui mpini ni upande gani. Midomo yake ilikuwa bado na unyevu. Akapiga hatua kuelekea kisimani, na Mama Hajrije akamzuia kifuani kwa kiganja.

"Mngojeni kidogo," akawaambia watu. "Mleteeni kwanza maji ya mtoni, asukutue."