Vidonge vya Injini

Sheria ya kwanza ya duka la dawa ni kwamba ugonjwa wa mteja hautoki nje ya kaunta. Nimeishika miaka kumi na tisa, na nimeuza dawa za kila aibu unayoweza kuifikiria bila kukunja uso. Kwa hiyo Injini aliponiletea cheti cha daktari nilikisoma, nikakikunja, nikanyamaza.

Injini ni fundi mitambo wa kituo cha kurushia matangazo ya redio kule kileleni, mita elfu nne na mia saba. Hukaa juu wiki mbili, kisha hushuka wiki moja kwa mkewe, fundi cherehani wa mtaa wa pili kutoka dukani kwangu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akihema. Siku ile alihema kwa kupanda ngazi zangu tatu za mlangoni, na miguu ilikuwa imevimba hadi soksi zimeacha alama.

Mambo yenyewe si ya ajabu. Hewa ikiwa nyepesi, mishipa ya mapafu hujibana, na upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, kama mtu anayepiga pampu ya maji huku mwenzake kaukanyaga mpira. Miaka ikipita upande huo hutanuka, na mwisho wake huchoka. Dawa ya kwanza ni kushuka na kubaki chini. Daktari aliandika hivyo kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika vidonge vya kulegeza mishipa hiyo, mara tatu kwa siku, na vidonge vyenyewe ni vile vile vya bluu ambavyo wanaume huniomba kwa kunong'ona, wakidai wametumwa na jirani.

"Kushuka sishuki, dada," Injini aliniambia. "Huku chini mimi ni mzee anayesinzia sebuleni. Kule juu mtambo ukikohoa wananiita mimi. Nipe vidonge tu. Na usiandike jina la dawa, maana mke wangu akijua moyo umechoka atanifungia ndani."

Nilipaswa kukataa. Badala yake nilimwekea kwenye kichupa cheupe, nikaandika "1 x 3", basi. Nilijiambia ni mtu mzima na moyo ni wake. Tukaenda hivyo miezi mitano.

Jumanne moja asubuhi mkewe aliingia, futi yake ya kupimia bado iko shingoni. Alisubiri mteja wa dawa ya kikohozi atoke, kisha akafungua leso juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na vidonge vya bluu, vya wiki mbili kamili.

"Dada, hivi ni vya nini?"

"Umevitoa wapi?"

"Kwenye begi la mume wangu. Usinizungushe, mtaa mzima unavijua. Mimi nataka kujua anavitumia kwa nani, maana kwangu akifika ni kulala kama gunia la mkaa."

"Mambo ya mteja siyasemi, mama."

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ndiye wewe, na umenyamaza. Basi nimeshajibiwa." Akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Ila safari hii ataumbuka. Nimemwekea vitamini za mwanangu, zile za njano. Akamwonyeshe huyo mwanamke wake."

Nikamuuliza ni lini. Akasema Ijumaa, siku aliyopanda.

Siku nne. Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Ila siku hiyo niliogopa, tena sana. Nikisema, Injini atapoteza kazi ambayo aliniomba nimlindie. Nikinyamaza, atapoteza kazi pamoja na kila kitu kingine.

"Keti," nilimwambia. "Mumeo hana mwanamke. Anaumwa moyo."

Nilimweleza yote, na hayakuchukua hata dakika mbili. Hakulia. Aliniuliza, "Nimemuua?" Nikamjibu sijui, na kweli sikujua.

Nikapiga simu kituoni. Aliyepokea alisema Injini amelala tangu jana, anakohoa, midomo imegeuka zambarau, nao wanadhani ni mafua. Nikamwambia wamkalishe wasimlaze, wamfungulie oksijeni ya dharura na wasiizime, wamshushe sasa hivi kwa gari, na asitembee hata hatua moja. Mkewe alibaki kwenye benchi langu, akiipitisha futi vidoleni kutoka ncha hadi ncha, kisha akianza upya. Gari lilimfikisha hospitali saa tisa alasiri.

Aliishi. Alilazwa siku kumi, na kituo kilipopata ripoti ya daktari kikamhamishia stoo ya huku chini, kazi yake kugawa balbu na misumari. Jina la Injini likabaki juu pamoja na mtambo. Mkewe sasa anamsimamia vidonge asubuhi, mchana na jioni, na mtaa ukinong'ona kuhusu rangi ya vidonge hivyo anauambia uende ukasomee udaktari.

Baada ya mwezi mume alikuja mwenyewe, akapanda ngazi tatu bila kusimama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nikamtangulia: nilitoa siri yako, nisamehe.

"Hilo mke wangu kaniambia," alisema. "Tumeshalimaliza."

Akaweka kile kichupa cheupe kwenye kaunta. Mlikuwa na vitamini za njano zilizobaki.

"Ile jioni ya kwanza niliona vimebadilika rangi. Nikashika simu nikupigie. Halafu nikairudisha mfukoni. Nikasema ya nini, yule dada hakosei."

Alikuwa amezimeza mara tatu kwa siku, bila kuruka hata mara moja, hadi midomo ikageuka rangi.

Nilizimwaga zile za njano, nikakijaza kichupa vya bluu, nikatafuta kalamu. Safari hii niliandika jina la dawa, jina la mgonjwa na jina la ugonjwa. Ilinichukua muda. Yeye alisubiri, kisha akakitia mfukoni bila kukisoma.