Ukumbi wa Rangi Mbili

Kumbi sita tulikuwa tumeshazikataa. Wa saba niliupenda mimi kabla ya bi harusi mwenyewe, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Nalisema mapema nisije nikaambiwa nimelificha.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, huu mwaka wa ishirini na sita. Bi harusi ni mtoto wa kaka yangu, tunamwita Kidoti kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo. Aliponiingiza kwenye shughuli hii alinipa kazi moja tu. "Shangazi, mambo ya viti na vyoo nitauliza mwenyewe. Wewe niambie, panatoka vizuri kwenye picha au hapatoki?" Kichwa kilinivimba wiki nzima.

Nina utaratibu wangu. Sipigi picha ukumbi mtupu, maana ukumbi mtupu ni muongo. Namsimamisha mtu atakapokaa bi harusi, mwingine watakapopita wazazi, napiga, kisha naenda kuzichambua nyumbani kwenye kompyuta. Kwa hiyo kila Jumamosi tulitoka watatu: mimi, Kidoti na baba yake, fundi cherehani aliyeacha kushona kwa sababu ya mgongo. Ndivyo alivyotuambia. Wifi yangu alishatangulia mbele ya haki, na Kidoti anafanya kazi mji mwingine, anakuja mwisho wa wiki tu, kwa hiyo nyumbani kwa kaka hapakuwa na wa kumchunguza.

Tangu utotoni Kidoti alikuwa ameahidiwa gauni la harusi kutoka kwenye cherehani ya baba yake. Wakati wa kulishona ulipofika akaambiwa, "Mama, mgongo haunipi nafasi, tafuta fundi mwingine." Alisema sawa, baba, akaja kulilia kwangu. Halafu kukawa na hili la mwili. Miezi mitatu Kidoti hali mkate, hali sukari, mpaka mashavu yakaingia ndani. Mtaa mzima ulishatia neno. Wengine walimsifu, wengine walimuuliza anaumwa nini. Baba yake tu ndiye aliyenyamaza.

"Hata haniangalii, shangazi," aliniambia. "Nahisi harusi hii haitaki."

"Wanaume wa ukoo wetu ndivyo walivyo," nikamjibu, nikijifanya najua.

Ukumbi wa saba zamani ulikuwa ghala. Kuta nyeusi, bila dirisha hata moja, na mamia ya taa ndogo za manjano zimening'inia darini. Kamera ya siku hizi gizani inaona kuliko sisi, na uso wa mtu mle ulitoka laini ajabu. "Hapa hata mimi ningeolewa tena," nilisema, "na yule yule, Mungu anisamehe." Meneja alicheka kicheko chake cha kazini. Kaka alikuwa ameshika mkono wa Kidoti tangu mlangoni, nami nikaona raha, baba na mwanawe. "Pazuri sana," alisema. Tukakubaliana Jumatatu tuthibitishe.

Jumapili nikakaa na picha zangu arobaini. Ya kwanza, Kidoti anacheka, na baba yake anatabasamu kwa mapenzi yote, ila anaitabasamia nguzo. Ya pili, anatabasamia kiti. Nikazipitia zote. Moja Kidoti ananyoosha mkono amrekebishe kola, na kaka ameshtuka kama aliyeguswa na mtu asiyemjua. Nikarudi kwenye picha za kumbi zilizotangulia. Zenye giza, mambo ni yale yale. Wa tatu tu, uliokuwa na madirisha ya vioo upande mmoja, ndipo alipomtazama mtoto usoni.

Mganga hajigangi. Wiki saba nilikuwa nimemweka mbele ya kamera, na sikumwona.

Asubuhi nilimkuta kakaa dirishani pembeni ya cherehani yake. Nikamwekea sindano na uzi mezani. "Tunga."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wa pili. Presha ya macho. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki." Akaisogeza sindano kando. "Siyo kwamba sioni, dada. Mchana, penye mwanga, naona. Penye giza ndiyo nabahatisha."

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Harusi ipite. Mtoto kaupenda ule ukumbi. Akijua, ataanza kupanga harusi yake kwa ajili yangu. Mimi nitaziona picha baadaye. Utanikuzia."

"Nitakukuzia mpaka zijae ukuta, mjinga wewe!" Nilimfokea huku machozi yananitoka, maana nilimwona amekaa kwenye harusi ya mwanawe wa pekee, anaipigia makofi nguzo. Aliniapisha nisimwambie Kidoti.

Sikumwambia. Nilimdanganya, na siombi radhi.

"Ule ukumbi hautoki," nilimwambia kwenye simu.

"Lakini shangazi, wewe mwenyewe ulisema..."

"Nimeziangalia kwa makini. Umetoka wa manjano kama mgonjwa wa ini."

Jumamosi nikawapeleka kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, saa nane mchana. Nusu ya chini ya ukuta kijani, nusu ya juu rangi ya maziwa, na saa ya ukutani iliyokata tamaa zamani. Ila madirisha yalianzia kiunoni mpaka darini, pande zote mbili. Mlinzi, mzee mmoja, alitufungulia akabaki mlangoni na funguo zake.

"Shangazi," Kidoti alininong'oneza, "hapa watu wanafanyia mitihani."

"Simama pale dirishani, usinichoshe."

Akasimama, amenuna. Kaka nikamweka mbele yake, hatua tatu. Kamera niliiacha shingoni. Kaka alipepesa macho, akasogea hatua moja, akasogea nyingine. Akainua mkono, akamgusa shavu.

"Mama," alisema taratibu, "mbona umekonda hivi? Umeanza lini?"

Kidoti alifungua mdomo ajibu kwa hasira, hasira ya miezi mitatu, na nilijua maneno yenyewe. Hayakutoka. Alimtazama baba yake machoni, akanitazama mimi, akarudi kwake.

"Baba, kumbe ulikuwa hunioni?"

Mimi niliyemuapia nikaangalia sakafu.

"Hapa nakuona," alisema. "Mpaka kidoti."

Mtoto akalia kwa sauti bila kujali mlinzi. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja akamgeukia yule mzee mlangoni. "Mzee, tunauchukua. Lakini mchana. Saa hizi hizi."

Hautoki vizuri kwenye picha, nisiwadanganye tena. Ule ukijani wa ukutani umempaka kila mtu, hadi bwana harusi. Picha kumi na mbili nimezikuza, nikazitundika nyumbani kwa kaka, mkabala na dirisha, na katika zote kumi na mbili anamtazama mtoto wake.