Ushuhuda wa Maman Albertine

...na bado kichwa kile kina moto chini ya kiganja chake, kitambaa cha Kahambu kimelowa jasho saa moja hii ya asubuhi, wamama sita wa maombezi wamemzunguka kila mmoja na sauti yake, Bwana gusa, Bwana fungua, wanamngojea yeye Albertine, kiongozi wao wa miaka kumi na mmoja, afunge maombi, naye maneno hayaji, yamekwenda wapi, jana tu yalikuwa yanamiminika, ni kwa sababu Kahambu kabla ya kupiga magoti amemwambia kwa furaha, kwa furaha jamani, Maman Albertine, vidonge ya tension nilishatupa yote ku choo, sawa vile weye, leo siku ya kenda, na yeye akajibu amina, mdomo ulijibu wenyewe... sawa vile weye, wakati yeye hakutupa kitu, kidonge chake cha presha cha leo amekimeza alfajiri nyuma ya pazia la jikoni, haraka haraka kama mtoto anayeiba sukari, Albertine we, si ulisimama mbele ya kanisa zima hapa Katuba ukashika mikrofoni ukasema Bwana ameniponya, na Pasta Symphorien ndiye aliyemfundisha, mama, ushuhuda ya imani unatoa mbele, uponyaji itakuja nyuma, sema tu sawa vile imeshafanyika, naye Albertine akasema, akaongeza na choo, eti vidonge alivitupa humo, choo hakuambiwa na mtu, alikitunga palepale kwa kuwa vigelegele vilikuwa vitamu, na huyu Kahambu, muuza maharagwe kwa magunia, mtu wa Butembo asiyejua kufanya jambo nusunusu, akaenda nyumbani akalifanya neno kwa neno... Maman, anasema sasa, taratibu, bila kuinua uso, ombea na mukono hii ya kushoto, tangu asubuhi haisikie, nashika kikombe inaanguka... Bwana gusa, wanapaza wamama, na Albertine anaujua mkono huo, mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, kijiko kilimponyoka mezani wakamcheka, kisha mdomo ukapinda, kisha kitanda, miaka miwili ya kugeuzwa ubavu huu na ubavu huu, Bwana nisaidie, kila Ijumaa anawafundisha wenzake, dada zangu, kila mtu achambue moyo wake vile anachambua mchele, mawe yasiingie mu sufuria, na anaona raha kuona mawe ya wengine, huyu ana wivu, yule imani yake haba, na mchele wake yeye nani aliuchambua, alipokuwa anasema namtegemea Mungu alikuwa anategemea nini, nyumbani kidonge, kanisani vigelegele, Mungu mwenyewe alimweka wapi, na kumbe zamani alikuwa anashukuru kwa kile kidonge, anakishika mkononi anasema asante Baba, sasa anakificha hata na Baba... aombe tu, aombe kwa nguvu, pengine Bwana atamponya kweli, ndiyo, Bwana ponya huyu, mponye leo hii, jina lako lisiaibike, jina lako, jina la nani Albertine, ni lako wewe, unamshika mwanamke wa watu kichwa unamwomba Mungu akusaidie kudanganya... Amina, anasema Kahambu, na ile amina inatoka imelegea upande mmoja, nzito, kama mtu mwenye ugali kinywani, wamama hawakusikia, wanaita jina la Bwana, yeye amesikia, amefumbua macho, na maneno yamekuja, machache mno, mi nilidanganya, twende hospitali sasa hivi, aliyajua tangu Jumapili ile akishuka na mikrofoni mkononi, aliyajua siku zote kenda, na miaka yote hii alidhani anamwogopa Mungu, kumbe alikuwa anaogopa hawa wanawake sita, kumwogopa Mungu ndiko huku kwa sasa, maneno yako ulimini bado hayajatoka, kiganja bado kiko juu ya kichwa cha Kahambu, na wenzake wanangojea aombe.