Skrini ya Sista Zdravka

Alfajiri ukungu ulishuka kutoka milima ya Rodopi ukaingia hospitalini bila hodi, kupitia mlango wa nyuma ambao wavutaji sigara hawaufungi hata uwagombeze vipi. Ulitambaa kwenye korido ya wodi ya magonjwa ya ndani, na wauguzi walipita humo na viatu vyao vya mpira, kimya, nusu wako macho na nusu wangali vitandani mwao. Kalina, mmoja wa wauguzi hao, aliipenda saa hiyo kuliko zote. Ndiyo saa aliyokuwa akikutana na mama yake.

Mama yake alikuwa amekufa. Tuseme hivyo mapema, tusizungushane. Sista Zdravka, msimamizi wa wodi hiyo, mwanamke aliyewagombeza madaktari mbele ya wagonjwa wao, moyo wake ulisimama Jumapili moja akiwa jikoni kwake, mikono imejaa unga. Karatasi ya tanzia yenye picha yake na utepe mweusi ilibandikwa kwenye lango la hospitali, nyingine mlangoni kwao, nyingine kituo cha basi, kama wafanyiwavyo wote wanaokufa mjini hapo. Kalina hakuweza kwenda hata dukani bila mama yake kumkodolea macho.

Lakini kwenye skrini Sista Zdravka hakuwa amekufa hata kidogo.

Hospitali ilikwishatupa zile kompyuta kubwa za zamani zilizokuwa zikinguruma chini ya meza. Mahali pake viliwekwa visanduku vidogo, kimoja kadiri ya mche wa sabuni, kimefungwa nyuma ya skrini, hakina hata feni. Plamen, fundi wa kompyuta, aliwaeleza siku ya kwanza kwamba ndani ya kile kisanduku hamna kitu: hakihifadhi chochote, hakikumbuki chochote. Kila mfanyakazi ana meza yake ya kazi ya kwenye skrini, na meza hiyo imo ndani ya mashine kubwa kule chini kwenye chumba cha baridi. Ukichomeka kadi yako popote, wodini, maabara, chumba cha dharura, meza yako inakufuata na kufunguka vilevile ulivyoiacha, hata sentensi uliyoikatisha katikati. Ukichomoa kadi inaondoka, lakini haizimiki. Inakungoja huko iliko.

Kama huna kadi, unaandika neno la siri. Na la Sista Zdravka lilikuwa siri kwa jina tu. Alikuwa akilipaza kutoka upande wa pili wa korido mikono yake inapokuwa na damu, mtu amfungulie faili la mgonjwa. Jengo zima lililijua, hadi wapishi.

Siku aliyorudi kazini baada ya mazishi, Kalina aliikuta kadi ya mama yake kwenye mfuko wa koti jeupe lililokuwa likining'inia kwenye kabati. Aliichomeka bila kufikiri. Meza ya mama ikaja. Picha ya mplamu, ule mti wa matunda wa uani kwao, umechanua, ikajaa skrini nzima. Faili la mgonjwa aliyekwisha kwenda nyumbani. Na katikati, mchezo wa karata, ule wa mtu mmoja, umechezwa nusu. Kalina hakujua kama mama yake alicheza karata. Alikaa akiutazama, akahisi kama ameingia chumbani kwa mtu aliyetoka kwenda kuchota maji. Akasogeza karata moja tu, kwa adabu, kisha akachomoa kadi.

Kesho yake alfajiri karata nyingine ilikuwa imesogezwa.

Akaangalia nyuma yake, akaona korido na ukungu basi. Sasa, kwetu jambo hili halina mjadala: roho ya marehemu haiondoki siku ya maziko. Mpaka arobaini inazungukazunguka pale ilipozoea, inagusagusa vitu vyake, inaaga. Watu husema inakaa nyumbani. Lakini Zdravka nyumbani alikuwa akilala tu. Kama kuna mahali pa kuzunguka, ni hapa, na kama kuna kitu cha kugusa, ni hii meza yenye kupita ukutani kwenye nyaya, ikitoka chumba hiki na kuingia kile bila miguu. Kalina alikuwa mtu mzima, muuguzi wa miaka mingi, ameshaosha maiti na kuzifunga taya. Hata hivyo aliamini, akaamini kwa moyo wote, na furaha iliyompata ilimtisha.

Ikawa ndiyo desturi yake. Alfajiri karata moja. Hakuthubutu mbili, aliona ni kumkatiza mama maneno. Usiku alilala vizuri, jambo ambalo hakulitarajia, na mchana alitembea wodini mwepesi, akiwapima wagonjwa presha huku akisikiliza ndani ya ukuta. Alihisi mama anapita mle, kutoka maabara kwenda dharura, kutoka dharura kwenda chumba cha dawa, akikagua kazi za watu. Ghulamu wa kopa alikuwa juu ya malkia wa shupaza. Kalina alimpeleka kwa malkia wa pau. Kesho yake akamkuta amerudi kwa malkia wa shupaza. Akacheka peke yake, akamrudisha. Kesho yake tena, vivyo hivyo. Hivi ndivyo mama alivyokuwa, alijiambia, hataki kitu chake kihamishwe.

Wenzake waliona. Stoyanka, muuguzi aliyeanza kazi pamoja naye na mwenye mdomo usiolala, alimtania kwamba siku hizi anawahi kazini mno, bila shaka kuna mchumba anamficha kwenye stoo ya mashuka. Kalina alicheka tu.

Kisha Plamen akaja. Alisimama mlangoni akizungusha kikombe cha kahawa ya mashine, kama mtu aliyetumwa kudai kitu msibani.

"Dada Kalina," alisema, "sijui nianzie wapi. Mama yako mwezi huu ameingia kazini siku nyingi kuliko mimi."

Akaeleza kwamba wakaguzi wameona. Marehemu hawezi kuonekana yuko zamu. Ikitokea siku mgonjwa akapewa dawa kwa jina lake, nani atajibu? Lazima meza ifungwe, na ikifungwa inafutwa, hairudi. Na kwamba isingekuwa shida kubwa kama ingekuwa mara moja moja, lakini inafunguliwa mara mbili kwa siku, kila siku ya Mungu.

Mara mbili. Kalina alijua vizuri kwamba yeye hufungua mara moja. Ya pili ilikuwa ya nani kama si ya mama? Alimsihi Plamen angoje arobaini tu, basi. Plamen alimtazama. Alikuwa mtu wa mashine na hakuamini mambo haya, lakini alilelewa na bibi yake kijijini, na kuna vitu ambavyo bibi angefufuka kumchapa kwavyo. Akatikisa kichwa kukubali.

"Arobaini, mchana," alisema. "Nitapiga simu kwanza. Sitaizima kimya kimya."

Siku ya arobaini Kalina hakuwahi kazini. Alikwenda makaburini na mama zake wadogo, wakawasha mishumaa, wakamwaga divai juu ya udongo, wakagawa ngano iliyochemshwa na sukari kwa kila aliyepita. Mama mdogo mmoja alimwambia marehemu, kwa sauti kama anamsindikiza kituoni, kwamba sasa aende, asiwe na wasiwasi, binti yake yuko salama. Kalina alikaza meno. Nani kakwambia yuko salama? Na nani kakutuma umruhusu aende? Aliondoka kabla ya wengine, akashuka mlima kwa miguu ndani ya ukungu, akafika wodini nguo zake zikinuka ubani.

Saa yao ya kawaida ilikuwa imepita zamani. Alichomeka kadi. Ghulamu wa kopa alikuwa juu ya malkia wa shupaza, anamngoja. Kalina alimpeleka kwa malkia wa pau, kisha akafikiri aseme neno, maana leo ndiyo mwisho. Kabla hajafungua mdomo, skrini ikawa nyeusi mbele ya macho yake. Yakatokea maandishi madogo meupe: meza hii imefunguliwa kwenye kituo kingine. Eksirei, ghorofa ya chini.

"Mama," alisema kwa sauti.

Stoyanka aligeuka na trei ya dawa mkononi. Kalina hakumwona. Alikuwa tayari kwenye ngazi, akishuka, ukungu umejaa hadi kwenye vishikio, na kila ghorofa aliyoipita aliiona haina sakafu. Hakuogopa. Alichoogopa ni kuchelewa tu. Alipita benchi la wagonjwa, akasukuma mlango wa eksirei.

Chumba kilikuwa giza, na katika giza ule mplamu umechanua. Mbele yake ameketi Asparuh, mpiga picha wa eksirei, mzee mwembamba aliyebakiza kidogo astaafu, ambaye katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia Kalina zaidi ya habari za asubuhi. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya. Ghulamu wa kopa alikuwa njiani hewani, kati ya malkia wawili.

Kalina alisimama pale akiwa hana pumzi. Kitu kilimporomoka kifuani, kikubwa, polepole.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mwanangu."

"Siku zote hizi?"

Mzee akatikisa kichwa: ndiyo, siku zote. Kalina alimchukia. Alimchukia kwa vidole vyake vyenye madoa, kwa sweta lake lililoliwa na nondo, na zaidi kwa kuwa hai. Alimwambia hana haya. Alimwambia kwamba kila alfajiri yeye alikuwa akiifungua meza ile kuonana na mama yake, na kumbe ni mzee mmoja amekaa gizani anachezea vitu vya maiti. Alisema maneno mengine ambayo si ya kusemwa kwa mtu wa umri ule. Asparuh aliyapokea yote bila kuinua macho.

Alipomaliza, mzee alieleza, taratibu, kama anayetafuta vitu vyake chumbani usiku. Yeye na Zdravka walicheza hivyo miaka mingi. Zdravka anasogeza karata moja kule juu, anachomoa kadi. Yeye huku chini anaandika lile neno la siri, anasogeza yake. Walipokutana kwenye korido hawakuzungumza chochote cha maana. Mara moja tu, baada ya Zdravka kufiwa na mume, alimwomba waoane. Zdravka alimcheka hadi machozi yakamtoka. Asparuh alikwenda nyumbani akitaka ardhi immeze, na kesho yake alipofungua akakuta karata mpya zimegawiwa, zinamngoja.

"Kwa hiyo na wewe ulidhani ni yeye," Kalina alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua makali. "Ulidhani anakujibu."

"Siku ya kwanza. Nilishika kahawa mpaka ikapoa mkononi. Siku zilizofuata nilijua ni wewe."

"Ulijuaje?"

"Njoo uone."

Alimsogezea kiti. Kalina hakukikalia, lakini alikaribia. Asparuh alimwonyesha kwa kidole, fungu moja baada ya jingine. Hakuna karata ya kugeuza. Hakuna pa kuweka kitu. Mchezo ulikuwa umekwama zamani sana, hauwezi kwenda popote, isipokuwa ghulamu mmoja mwekundu anayetoka kwa malkia huyu kwenda kwa yule na kurudi.

"Mama yako asingekaa na mchezo uliokufa hata dakika tano," alisema. "Angegawa upya, na tusi moja juu yake. Huyu aliyekuwa anamrudisha ghulamu kila siku hakuwa yeye."

Kalina alizitazama karata. Alizitazama kwa macho ya mwanamke wa makamo aliyesimama kwenye chumba baridi.

"Wewe uliyejua," alisema mwishowe, "kwa nini uliendelea?"

Asparuh alipangusa kipanya na mkono wa sweta lake, kitu kisichohitaji kupanguswa.

"Kila mchana nilikuwa nakuja hapa nikisema leo nafunga, yatosha. Nafungua, namkuta amehamishwa. Nasema, kumbe huko juu yuko mwingine naye hajaweza. Basi namrudisha, asije akafungua asubuhi akakuta hakuna mtu."

Simu ya ukutani ikalia. Asparuh hakuinyanyua, aliinua mikono yake yote miwili akaiweka magotini. Kalina akapokea. Alikuwa Plamen, sauti ya chini, akisema wodini wamemwambia ameshuka huko, na kwamba mchana umefika, na kama bado anataka dakika chache anaweza kumpa.

"Hapana," Kalina alisema. "Funga, Plamen."

Ikachukua muda mfupi kuliko alivyofikiri. Zikaondoka karata, ukaondoka mplamu, ikabaki skrini tupu ya samawati inayouliza jina la mtu. Kalina alikuwa bado ameshika simu. Akakaa kwenye kile kiti, na kilio ambacho hakikumtoka kaburini siku ya maziko, wala leo asubuhi, kikamtoka pale, kibaya, cha sauti, cha mtoto.

Asparuh hakumgusa, wala hakumwambia anyamaze. Aliinuka, akafunga mlango, kisha akabonyeza swichi ya ile taa nyekundu ya nje inayokataza watu kuingia. Wagonjwa waliokuwa wamesimama waliposikia kilio wakaiona, wakarudi kukaa kwenye benchi wakingoja.