Marehemu Hashiki Pedi

Baada ya sala ya alasiri Qasim hufungua chumba cha gemu kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, mzee Hasanali, pale Kilindoni. Huwasha feni kwanza, kisha televisheni, kisha hupangusa benchi kwa kitambaa. Mchezo ni mpira wa miguu, Kilindoni na Miburani. Kilindoni huvaa jezi nyekundu, Miburani jezi za kijani, na ndivyo ilivyokuwa tangu mzee Hasanali alipozinunulia timu mbili za vijana jezi za kweli za rangi hizo. Timu zenyewe zilikwisha vunjika. Rangi zikabaki ndani ya televisheni.

Hafidhi, dereva wa bodaboda, alikuwa mchezaji bora wa Kilindoni, na hakuweza kuzitofautisha jezi hizo. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa rangi moja, rangi ya kuti lililokauka. Barabarani hakupata shida, kwa sababu Kilindoni hakuna taa za kuongozea magari. Kwenye gemu alikuwa na kaka yake, Mansuri. Mansuri alikaa kuliani kwake akimwambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayevuta uradi: "Wetu. Wetu. Wao. Wetu." Hafidhi alipiga pasi kwa kusikia, na Kilindoni walishinda mara nyingi.

Kisha Mansuri akafariki kwa homa iliyoanza kama mzaha. Hafidhi hakuonekana kwa Qasim mpaka hitima ya arobaini iliposomwa. Siku aliyorudi, pasi yake ya kwanza alimpa mshambuliaji wa Miburani, naye akafunga.

"Ahsante, ndugu yetu," alisema Ussi, aliyekuwa ameshika pedi ya kuchezeshea Miburani. "Tukushonee jezi kabisa?"

"Mwache bwana, mfiwa huyo," alisema Qasim.

"Mie nimemwacha. Yeye ndiye asiyetuacha. Kila mpira anatuletea mlangoni."

Watu walicheka, na Hafidhi naye akacheka kidogo.

Kesho yake mechi ilikuwa imeshaanza Mansuri alipoingia. Alikuwa ameifunga sanda kiunoni kama shuka na alinukia kafuri. Alitoa salamu, akaitikiwa. Waliokuwa kwenye benchi walisogea. Alikaa kuliani kwa mdogo wake, mchanga ukamwagika sakafuni, akaanza: "Wetu. Wao. Wetu." Kilindoni wakashinda. Qasim alifagia mchanga na kumwomba marehemu awe anakung'uta miguu mlangoni kama wateja wengine.

Ussi alilalamika. Alisema si haki watu wawili kucheza dhidi ya mmoja. Shauri lilipelekwa kwa mwalimu Evaristo, mtu wa bara, aliyekuwa msimamizi wa mashindano kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na filimbi. Mwalimu alilifikiria kwa makini. Kanuni, alisema, inakataza watu wawili kushika pedi moja. Marehemu hashiki pedi. Aruhusiwe.

Habari zilimfikia mama wa Hafidhi na Mansuri, Bi Mwanahalima, naye akaja. Alisimama mlangoni na kanga zake za msiba.

"Shikamoo, mama," walisema wote, Mansuri akiwamo.

"Marahaba." Alimtazama mwanawe mkubwa. "Mbona macho yamekuingia ndani hivyo?"

"Nimechoka, mama. Kuja huku mbali. Kurudi ndiyo mbali zaidi."

"Sasa si ulale, baba? Tumekusomea, tumechinja, watu wamekula. Ulale."

"Nililala. Nikamsikia huyu anapoteza mipira."

Bi Mwanahalima alimgeukia Qasim na kumwuliza kama zile jezi haziwezi kubadilishwa. Qasim alisema zinabadilishwa. Aliminya hapa, akaminya pale, na Miburani wote wakawa wamevaa nyeupe. Hafidhi aliinama mbele kidogo.

"Nawaona," alisema. "Wote."

Mansuri aliacha kutaja, kwa kuwa hapakuwa na haja tena. Aliegemea ukuta, akafumba macho, na uso wake ukawa kama siku ile alipooshwa.

"Rudisha," alisema Ussi.

"Rangi tu hiyo, mwanangu," alisema Bi Mwanahalima.

"Si rangi tu, mama. Nyeupe ni sanda. Unataka tuvae mkosi?" Alisema hivyo huku akiondoa pindo la sanda ya Mansuri lililokuwa limemwangukia gotini.

Ikapendekezwa basi Kilindoni ndio wabadilishe. Kilindoni walisema wao ni wenyeji, na mwenyeji havui nguo kwa ajili ya mgeni. Mwalimu Evaristo aliomba kusema. Alieleza kwamba hali ya Hafidhi inajulikana, kwamba mtu huzaliwa nayo, kwamba wanaume wengi duniani wanayo, na kwamba zipo gemu zilizowekewa kabisa sehemu ya kuwasaidia. Alieleza vizuri na wote walimsikiliza. Kisha akaomba wanaotaka jezi zibaki kama zilivyo wanyooshe mikono, akaihesabu, na wa kwake ukiwamo.

Qasim aliminya pale, akaminya hapa. Mansuri alifumbua macho.

"Wao," alisema.

Njiani kurudi nyumbani Hafidhi alimwambia mama yake kwamba angeweza kuacha gemu. Hakusema lini. Bi Mwanahalima hakumwuliza. Nyumbani Mansuri hakuwahi kuja hata mara moja, ingawa kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa. Alikuja pale kwa Qasim tu.

Mambo yakatulia. Qasim alimwita seremala akaongeza urefu wa benchi. Mzee Hasanali alikuja kuliona, akasema linaonyesha jinsi vijana wa siku hizi wanavyomjali mwenye tatizo. Mchezaji mmoja wa Miburani aliuliza kama naye anaweza kumleta marehemu mjomba wake, aliyekuwa akiujua sana mpira, na mwalimu Evaristo akaongeza kanuni: marehemu wasizidi mmoja kwa kila mchezaji. Mjomba alialikwa, lakini hakuja.

Bi Mwanahalima alianza kuja kila alasiri. Hukaa dukani juu ya mfuko wa saruji akisubiri mechi iishe, kisha humsindikiza Mansuri makaburini kabla ya magharibi. Hutembea polepole kwa ajili yake. Siku hizi Mansuri husimama njiani mara kwa mara kupumzika, na sauti yake imekauka.

"Kesho usije," alimwambia juzi. "Kesho moja tu, ulale."

"Kesho tunacheza na Kirongwe, mama."

"Na hao wanavaa nini?"

"Waliambiwa wachague rangi waipendayo," alisema Mansuri. "Wamechagua kijani."

Bi Mwanahalima alimwambia basi atazame miguu yake, njia ina miba. Alimsubiri mpaka akaingia, akamfukia vizuri upande wa kichwani, akarudi nyumbani kumpikia Hafidhi.